Nyumba Iliyotangulia Lorugum

Nabei alikuwa na tabia moja iliyomtia taabuni tangu usichana wake: furaha ikimshika, masikio yanajifunga. Akishapata nusu ya habari njema, hiyo nusu nyingine kauambie ukuta. Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu ile gari la vipaza sauti lilipopita mtaani kwao, nyuma ya steji ya zamani ya Lodwar. Gari likasema, "Wakazi mliohesabiwa, wiki ijayo mtahamia nyumba zenu mpya!" Nabei akapiga kigelegele, kuku wa jirani wakatawanyika. Gari liliendelea kusema mambo mengine, tena ya maana sana, lakini nani alisikia? Yeye alikuwa keshaanza kucheza na kuwakumbatia watu njiani.

Na msimlaumu haraka. Miaka mitatu mji ulikuwa umechimbuliwa kila upande. Lami ikapita palipokuwa na vumbi la kufika vifundoni, mitaro ikajengwa, taa za barabarani zikawaka. Nyuma ya soko yakasimama majengo manne ya ghorofa tatu tatu, rangi ya maziwa, maji ndani, choo ndani. Kaya sitini na mbili za mtaa ule ndizo zilizohesabiwa, na kila mlango ukaandikwa namba kwa rangi nyekundu. Mlango wa Nabei ulipata arobaini na moja. Jioni, akitoka kazini, alikuwa lazima apitie kwenye majengo yale, auguse ukuta kwa kiganja, ndipo aende zake.

Kazi yenyewe ilikuwa kujenga nyumba. Kwa Waturkana nyumba ni ya mwanamke: anayekata fito ni yeye, anayefunga makuti ni yeye, na siku ya kuhama anayebomoa na kupakia punda ni yeye huyo huyo. Mwanamume ana mbuzi wake. Nabei alianza kukunja fito akiwa na miaka tisa, na nusu ya nyumba za makuti za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Hata watu wa Lokichar walimwita. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, magoti yanalalamika, na bado mchwa wakila, au upepo ukifumua, ni yeye anayepanda juu kufunga upya. Hamu yake duniani ilikuwa moja, na aliisema bila haya: kabla hajafa, alale kwenye nyumba aliyojengewa na mtu mwingine.

Basi Jumatano alfajiri alifanya ambalo mwanamke yeyote wa kwao angefanya. Si tunahama? Nyumba hutangulia. Akaibomoa! Alifungua kamba moja moja, akapanga makuti yaliyo mazima, akafunga fito mafungu mafungu, akang'oa mlango wa bati. Vyote akavipakia kwenye pikapu iliyokuwa inaelekea Lorugum, kwa mdogo wake wa kike, Atiir, ambaye nyumba yake ilikuwa imekwisha kwa mchwa. Pikapu ikaondoka. Nabei akaketi juu ya kitanda chake katikati ya kiwanja kitupu, jua la utosi, anaimba.

Hapo ndipo Eugénie alipomkuta. Eugénie alikuwa fundi cherehani, Mkongomani aishiye kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, na wiki ile alikuwa amepata kibali cha kuleta Lodwar mapazia aliyoagizwa na watu wa mtaa ule. Alisimama na furushi kichwani, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama Nabei, ejok," akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok noi! Karibu, karibu. Keti hapa kitandani."

"Nyumba iko wapi?"

"Imetangulia Lorugum!"

"Na ile namba?"

"Iko kwa mlango."

"Na mlango?"

"Si nimekwambia Lorugum? Kwani nyumba huhama bila mlango?"

Eugénie akashusha furushi, akalikalia. "Yesu wangu," akasema. "Mama, mimi ni mkimbizi miaka kumi na tatu. Wamenihesabu kwa kidole, wamenihesabu kwa jicho, kwa kadi, kwa mlango. Acha nikuambie. Watu wakikupa namba, unaketi na namba yako pale pale, mpaka wao wenyewe wakutoe. Hawa hawakusema iko uhakiki wa mwisho?"

"Uhakiki gani?"

Eugénie akainuka. Alimshika mkono, wakaenda mbio hadi ofisi ya mradi wa zile nyumba mpya. Tangazo lilikuwa limebandikwa nje, herufi kubwa, na ni lile lile ambalo gari lilikuwa limelisoma lote siku Nabei anacheza barabarani. Eugénie akamsomea polepole. Kesho, Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi, uhakiki wa mwisho, mlango kwa mlango kwa kufuata namba. Nyumba isiyokuwa imesimama mahali pake, na namba yake mlangoni, jina la mwenyewe litafutwa na nafasi atapewa mwingine.

Nabei alikaa chini pale mbele ya ofisi na kulia, na msidhani ni kilio cha adabu. Alilia kamasi zikatoka. "Nimejifuta mwenyewe," alisema. "Kwa mikono yangu hii, dada, nimefungua kamba moja moja!"

Eugénie alimwacha alie kidogo. Halafu akauliza, "Kujenga moja inachukua siku ngapi?"

"Peke yangu, siku tatu."

"Na mkiwa wengi?"

Nabei akapenga kamasi. Akamtazama Eugénie. Akachungulia saa ya ukutani ndani ya ofisi. "Wengi wangapi?" akauliza, na alikuwa tayari ameshasimama.

Alhamisi, anga haijapata rangi, wanawake kumi na mmoja walikuwa ukingoni mwa mto Turkwel na mapanga. Wote aliwahi kuwajengea au kuwafundisha, na hakuna aliyeuliza swali; walimcheka tu. "Ati umehama ukahamia hewani!" Wengine walikata makuti ya mkoma, wengine wakashughulika na fito za mathenge, mti wa miiba usiokosekana popote Lodwar. Wakati huo Ebei, mwendesha boda wa pale steji, alikuwa amekwisha kutumwa Lorugum kufuata mlango. Nabei akampigia mdogo wake simu.

"Mlango?" alisema Atiir. "Nimeshaufunga! Majirani wanapita kuuangalia!"

"Ufungue. Ebei yuko njiani."

"Lakini dada, si ulinipa?"

"Atiir. Nani alikubeba mgongoni ulipokuwa hujui kutembea? Fungua huo mlango!"

Saa mbili mashimo yalikuwa tayari yamechimbwa. Saa tatu fito zimekunjwa, zimekutana juu, zimefungwa. Nani angelala mtaani siku ile? Watu walitoka na chai yao kuja kutazama, na waliokuja kutazama wakapewa kazi. Nabei alikuwa juu na chini, anavuta kamba kwa meno, anatukana fundo bovu, anaimba, watu wanaitikia. Eugénie aliwekwa kupitisha kamba kutoka ndani, na akafunga vifundo vidogo vidogo vya kicherehani hadi wakamcheka. "Dada, hii ni nyumba, si blauzi!" Lakini vilishika. Magoti ya Nabei? Siku hiyo hakukumbuka kama anayo. Kumbe kazi aliyoichoka miaka yote, ikifanywa na watu wengi huku saa inakimbia, ni tamu kama harusi.

Saa tano na nusu wakarudi nyuma waione. Nzuri! Imara, imeviringana sawasawa, kuti limelaliana na kuti. Kasoro zilikuwa mbili. Kwanza, pale penye mlango palikuwa na tundu tupu. Pili, nyumba zote za mtaa zilikuwa na rangi ya majivu, na hii ilikuwa kijani kibichi kama mboga za sokoni. Hakuna aliyelifikiria hilo. Mama mmoja alirusha vumbi juu yake, vumbi likateleza likaanguka.

Na Erupe alikuwa amekwisha kuanza. Huyu ndiye karani wa uhakiki, mwanamume mrefu, mtaratibu, mwenye karatasi zake kwenye ubao. Alikuwa kwenye namba thelathini na tano. Thelathini na sita. Thelathini na saba, akapewa maji, akanywa. Nabei alisimama katikati ya barabara, macho upande wa Lorugum, mikono kichwani. "Ebei, haki ya nani," alisema, "ukinifanyia hivi nitakufa na wewe!"

Thelathini na tisa. Ndipo mngurumo ukasikika na pikipiki ikatokea, inayumba barabara nzima. Mbele Ebei, macho yamemtoka. Nyuma yake Atiir mwenyewe, ameukumbatia mlango wa bati kwa mikono miwili. Upepo ulikuwa umeushika njia yote, ikabidi waende mwendo wa punda. "Sikuweza kuuacha uje peke yake," alisema Atiir akishuka. Wanawake wanne waliuchukua mlango mikononi mwake kabla hajamaliza sentensi. Waya wa mwisho ulikazwa Erupe akiwa anaaga namba arobaini.

"Arobaini na moja," akasoma. "Nyumba ya makuti. Nabei." Akasimama. Akaizunguka nyumba pole pole. Akagusa kuti, akanusa vidole. "Mama, umeishi hapa miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na hii makuti ina miaka tisa?"

Watu wakatazamana. Erupe hakuwa mtu mbaya. Aliona nyuso zile, akaona na jasho, akafungua njia. "Labda," akasema, "ulifanya ukarabati kidogo?"

"Ukarabati!" wakaitikia wote kwa pamoja. "Ukarabati kidogo!"

Nabei naye alikuwa amefungua mdomo kukubali. Lakini jicho likaenda kwenye nyumba. Miaka arobaini na minne ya kujenga, na hakuwahi kusimamisha nyumba nzuri kama ile. Ati ukarabati!

"Ukarabati gani?" akasema. "Mwanangu, angalia hiyo kamba. Angalia paa lilivyofunga huko juu. Umeona wapi ukarabati wa hivyo? Hii nyumba ni mpya! Tumeikata alfajiri, tumeimaliza saa tano na nusu! Turkana nzima hakuna aliyewahi..."

Hapo akajisikia. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Eugénie akafumba macho. Mtu mmoja nyuma akasema, "Jameni, huyu mama!"

Kalamu ya Erupe ikashuka. "Leo?"

"Leo."

"Na ile ya zamani?"

"Iko kwangu Lorugum," alisema Atiir. "Ni nzuri sana."

Nabei akatoa mikono mdomoni. Machozi yalikuwa yanamshuka, lakini sauti ilikuwa sawa. "Mlisema tunahama, nikahama. Sisi tukihama tunabomoa. Sikujua nyumba za ghorofa mtu anazihamia huku ya zamani bado imesimama. Kama ni kosa, futa jina. Lakini usiniandikie ukarabati."

Erupe alichuchumaa mbele ya mlango. Akapitisha kidole juu ya ile namba nyekundu, hasa kwenye ile moja, ambayo rangi yake ilikuwa imechuruzika hadi chini.

"Hii niliandika mimi," akasema. "Rangi ilikuwa nyepesi, ikanichuruzikia." Akasimama. "Sheria ilikuja kwa sababu ya watu wa nje, wanasimamisha kibanda wapate nyumba. Wewe si wa nje. Karatasi inaniuliza nyumba imesimama? Imesimama. Namba ni yake? Ni yake. Haiulizi imesimama tangu lini." Akatia alama mbili. "Na hapa chini, kwa maelezo, nitaandika ulivyosema: imejengwa leo asubuhi. Mkubwa wangu akiuliza, nitamleta aione."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika hadi sokoni. Eugénie alimrukia Nabei shingoni, Atiir akawarukia wote wawili, na Ebei akapiga honi hadi akaombwa aache. Erupe alisubiri kelele zipungue, akamsogelea Nabei. "Mama yangu naye paa lake limeoza," akasema kwa sauti ya chini. "Ungeweza..."

"Nimestaafu," alisema Nabei. "Tangu saa tano na nusu."

Jumanne iliyofuata akapewa ufunguo, ghorofa ya tatu. Wanawake walimpandishia vitu vyake ngazi zote, wakafungua bomba na kulifunga mara ishirini, wakasukumana dirishani kuutazama mji wao kutoka juu. Saa nane mchana wakaondoka. Nabei akatandika mkeka sakafuni, akajilaza chali, na hapo hapo upepo wa vumbi ukaushukia mji. Mabati ya soko yakaanza kupiga makelele. Mifuko ikaruka hewani. Nabei aliinuka mara moja, miguu ikatafuta njia yenyewe, mkono ukatafuta kamba. Akasimama katikati ya chumba. Ukuta ulikuwa kimya. Dari ilikuwa kimya. Akarudi, akajilaza tena.

Simu ikalia. "Dada!" Atiir alikuwa anapiga kelele kuushinda upepo. "Upepo umefika huko? Huku unafumua kila kitu, niko juu ya paa nafunga! Wewe uko juu?"

"Nimelala."

"Umelala? Upepo huu? Unaumwa?"

"Siumwi." Sauti ilimkatika, akajifuta macho kwa kiganja, akacheka huku analia. "Nimelala tu, Atiir. Kuna mtu alishafunga."