Ufa wa Nguzo ya Tatu

Mama Pindo, mshonaji, alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa siku ambayo hakuhudhuria kikao. Wenzake walicheka wakimpelekea habari, naye akakubali shingo upande. Mwaka uleule maombi yao ya ruzuku ya halmashauri yakapita, mtaa ukapata tangi kubwa la maji juu ya nguzo nne za zege, ubavuni mwa darasa la chekechea. Aliyejenga ni mume wa mdogo wake, mwashi aliyepewa jina la Timazi kwa kuwa kuta zake hazikuwahi kupinda. Aliyetia saini kwamba kazi imekamilika ni Mama Pindo.

Siku ya tatu baada ya tangi kujazwa, asubuhi, alikwenda kupima mahali pa viti vya wageni. Kesho yake diwani alikuwa anakuja kuzindua. Ndipo akauona ufa, mwembamba kama unywele, umeshuka kwenye nguzo ya tatu, ile iliyo karibu na dirisha la watoto. Akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi wa gauni, akaisukuma mle. Ikazama yote, akabaki kashika uzi.

Akampigia Timazi simu.

Timazi alikuja, akainama, akacheka. "Hii lipu tu inakauka, shemeji. Zege nalo lina ngozi, hupasuka kama visigino." Akakoroga saruji kwenye kopo, akaupaka ufa. "Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta? Haya, nimeziba."

Mama Pindo alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Shemejiye alikuwa tayari anakusanya vifaa vyake, saruji haijashika.

"Nondo uliweka zote?"

"Nilizopata niliweka." Hakumtazama. "Na usinitolee macho. Karatasi umesaini wewe. Mimi nikizama, wewe utabaki unaelea?"

Alirudi kwenye cherehani yake akashona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaukosea tena. Akisema, mdogo wake atalala bila mume. Akinyamaza, je? Mlango wa jirani ulipojibamiza aliruka mpaka kiti kikaanguka. Ilipofika saa sita mchana hakuweza tena. Akaenda, roho mkononi.

Saruji mpya ilikuwa imepasuka. Ufa sasa ungemeza ncha ya mkasi, na ndani ya nguzo kulikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wanaimba.

Akakimbilia mlangoni.

"Mwalimu, watoe watoto."

"Kuna nini?"

"Watoe kwanza, maswali baadaye! Mlango wa nyuma!"

Mwalimu aliutazama uso wake, hakuuliza tena. Akapiga makofi. "Leo tunaimbia uwanjani! Twende, twende!"

Koki ya kutolea maji ilikuwa chini kabisa ya mnara. Miguu ya Mama Pindo ilimwambia kimbia. Liwalo na liwe, akajiambia, akaingia chini ya tangi, akaizungusha koki kwa mikono miwili. Maji yakaruka kama yaliyofungwa jela.

"Jamani, kaingiwa na nini huyu?" mama mmoja alipiga kelele, ndoo kichwani. "Maji ya diwani hayo!"

Timazi alikuja mbio, akamkamata kifundo cha mkono. "Funga! Unataka kuniua?"

Punje za zege zikawadondokea kichwani. Wote wawili wakatazama juu. Timazi ndiye aliyemvuta, wakaangukia matopeni.

Mnara ulikwenda taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti. Tangi likatua juu ya paa la darasa, likapita, likaingia ndani. Kisha vumbi, na kimya cha kutisha. Ndani ya vumbi ikasikika sauti ya mwalimu akihesabu watoto. Alifika kumi na tisa, akakosea, akaanza upya. Mama Pindo hakupumua mpaka aliposikia ishirini na tatu.

"Wote," mwalimu alisema, akaketi chini palepale.

Afisa wa halmashauri alifika jioni na polisi wawili. "Nani alisaini?"

"Mimi," alisema Mama Pindo.

Timazi, aliyekuwa ameinamia magoti yake, alinyanyua kichwa. "Nondo niliweka nusu. Yeye hakujua." Wakaondoka naye.

Mtaa ulifutwa kwenye orodha ya ruzuku. Wapo waliomshukuru Mama Pindo, na wapo walioacha kumsalimia, maana maji walirudi kuyafuata mbali. Alivumilia. Lililomshinda ni kwenda kwa mdogo wake. Wiki mbili zilipita kabla hajathubutu. Mlangoni aliogopa kuliko alivyoogopa chini ya mnara.

Mdogo wake alifungua, macho yamevimba. Hakusema karibu. Aligeuka akarudi ndani, akauacha mlango wazi.

Mama Pindo alisimama pale kidogo. Halafu akavua viatu, akaingia.