Majina Yenye Ng'

Karani wa mapokezi alikuwa na miaka kumi na mmoja katika hospitali ile ya macho, na muda wote huo hakuwahi kumwambia mgonjwa kwamba hayupo. Aliwaambia wasubiri, aliwaambia daktari amechelewa, hata aliwaambia warudi kesho. Lakini kumtazama mtu mzima aliyesimama mbele yako na fimbo yake mkononi, ukamwambia "hupo", hilo lilianza mwaka ulipoletwa mfumo mpya wa kompyuta.

Mfumo wenyewe ulikuwa mzuri, asiseme mtu. Ulipanga miadi, ulituma ujumbe kwenye simu za wagonjwa, ulimwonyesha daktari picha ya jicho kabla mwenye jicho hajakaa. Ila ulikuwa na kinyongo na watu wa aina moja. Ukiandika jina lenye ng', ile ng' ya ng'ombe na ng'ambo, ukabonyeza pa kuhifadhi, kioo kiliduwaa kidogo, kisha kikakuletea ukurasa mweupe. Jina limekwenda, miadi imekwenda, na mgonjwa anakukodolea macho yake mabovu.

Karani akafanya kama walivyoelekezwa. Kulikuwa na fomu ya kuripoti hitilafu humo humo kwenye kompyuta. Unaandika, unatuma, unapewa namba, na watu wa mifumo walioko ghorofa ya nne wanashughulikia. Aliandika: "Mfumo haupokei majina yenye ng' na wagonjwa wanakosa miadi, naomba mrekebishe." Siku ya tatu jibu likaja: Imefungwa. Maelezo hayajitoshelezi.

"Hayajitoshelezi vipi?" alimuuliza mwenzake wa dirisha la pili, mwanamke msemaji waliyemwita Redio. "Nimeandika au nimechora?"

"Waongezee nyama, dada. Wale hawaelewi mpaka watafuniwe."

Akawatafunia. Mara ya pili aliandika nusu ukurasa. Mara ya tatu alipanga hatua kwa hatua, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Ilipofika mara ya tisa alikuwa anaandika huku meno yameumana, na jibu lilikuwa lile lile. Aliamua kupanda mwenyewe. Mlinzi wa ghorofa ya nne akamzuia mlangoni kwa upole: haingii mtu bila namba ya hitilafu iliyo wazi.

"Zangu zote wamezifunga."

"Basi huna tatizo, dada yangu," mlinzi alisema, na hakuwa anatania.

Wiki hiyo hiyo shangazi yake akaja. Shangazi alikuwa mjane, na jina la marehemu mumewe, analolitumia mpaka leo, lina ng' katikati. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alimtambua mpwa wake kwa sauti. Karani aliandika jina lile, akabonyeza, ukurasa ukawa mweupe. Akarudia. Mweupe.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mtandao tu, shangazi," alidanganya, akabonyeza tena.

Bahati ilishuka na mashine ya kuchapia iliyokwama karatasi. Fundi wa mifumo, kijana mpole mwenye miwani, aliteremka kuitengeneza. Karani akatoka nyuma ya dirisha, akasimama kati ya fundi na mlango.

"Mimi ndiye ninayewaandikia kuhusu majina."

Fundi akamwangalia, akaachia tabasamu la aibu. "Kumbe wewe ndiye Bi Ng! Ndivyo tunavyokuita kule juu. Mbona humalizii sentensi zako?"

Akatoa simu, akamwonyesha. Ripoti zilikuwa tisa. Ya kwanza ilisomeka: Mfumo haupokei majina yenye ng. Basi, hapo hapo. Ya tisa: Nawaambia tena, ng. Fomu ya kuripoti hitilafu nayo ilikuwa na hitilafu ile ile. Kila ilipokutana na ile alama ya juu ilikata yote yaliyofuata, kurasa na kurasa za jasho lake.

"Na hakuna hata mmoja aliyeweza kunipigia simu akaniuliza ng nini?"

Fundi aliitazama mashine. "Tumekatazwa. Kila kitu kipitie kwenye fomu."

Fundi alipanda kuomba ripoti zile zifunguliwe, na nia yake ilikuwa njema, kwa hilo karani alimwamini. Lakini kuzifungua upya kungeandika tisa kwenye ubao wa ukumbini, pale mkuu wa hospitali alipokuwa akiwaonyesha wageni maneno "Hitilafu zilizo wazi: 0". Mkuu wa mifumo hakutaka hata kusikia. Badala ya marekebisho ukaja waraka: kuanzia siku ile ilikuwa marufuku kutumia alama ile.

Wakaandika majina bila alama. Mfumo ukayameza bila shida. Shangazi akapata siku yake ya upasuaji, akaja amejifunga kitenge kipya, na mlangoni mwa chumba cha upasuaji akarudishwa. Jina la kwenye utepe wa mkononi halikufanana na la kwenye kitambulisho, na pale kila herufi ilipaswa kufanana.

"Huyo aliyeandikwa humu simjui," shangazi alimwambia muuguzi. "Mume wangu hakuitwa hivyo."

Karani aliitwa. Alifika mbio, akachana karatasi kwenye daftari lake, akaandika jina lote kwa mkono, alama ikiwa mahali pake, akatia sahihi. Muuguzi mkuu aliisoma, akamtazama usoni. "Nikiona mwandiko wako nitapitisha. Wako tu, wa mtu mwingine sipokei."

Kuanzia hapo kila mwenye ng' aliletwa dirishani kwake. Daftari la kwanza likajaa, la pili likafuata. Redio alipojaribu kumsaidia, wagonjwa walirudishwa. Karani akaomba likizo. Mkuu wa hospitali akamsifu sana, akamnyima. "Nani atashika daftari?" Akaomba uhamisho, akasifiwa tena. Alipougua mafua alikuja na leso puani, kwa kuwa wagonjwa saba wenye ng' walikuwa na miadi siku hiyo.

"Turekebishe mfumo basi, bosi," alisema.

"Urekebishwe nini? Kila mtu anahudumiwa. Hakuna hitilafu."

Shangazi alirudi kuangaliwa jicho la kwanza lililofanyiwa upasuaji. Alitembea bila fimbo mpaka dirishani, akainama, akamtazama mpwa wake kwa muda mrefu.

"Umeota mvi, mwanangu. Na umekonda. Unalala kweli?"

"Nalala, shangazi."

"Toka hapo hata nusu saa, tukakae nje."

Karani aliangalia foleni. Mzee wa mbele alikuwa tayari ametoa kitambulisho, amekishika kwa mikono miwili.

"Nitakuja," alisema, akafungua daftari.