Kikombe Kilichogoma Kukauka

Ukimwona mtu anakausha kitu kwa kukifungia kabatini pamoja na vitambaa vilivyolowa maji, utamtazama mara mbili. Lakini katika mji wa Wajima ndivyo urushi inavyokaushwa, ule utomvu wa mti wanaoupaka kwenye bakuli na vikombe. Pale, mwenye kuanika juani ndiye anayechekwa.

Isuzu aliyajua hayo kama anavyolijua jina lake. Kwa miaka minne alikuwa mwanagenzi wa Mwalimu Tokie, na Jumapili ingekuwa siku yake ya kuhitimu. Desturi ya nyumba ile haikuwa na mlango wa uani: mwanagenzi hunywa sake, pombe ya mchele, na mwalimu wake kwa kikombe alichokitengeneza mwenyewe, tangu kupika utomvu mbichi hadi mpako wa mwisho. Huna kikombe, huhitimu. Subiri mwakani.

Sasa ilikuwa Ijumaa asubuhi, kikombe kina siku mbili kabatini, na bado kinanata kama mtoto aliyekula asali.

Isuzu alikipulizia pumzi. Urushi iliyoanza kushika, ukiipulizia pumzi, hufanya ukungu wa samawati. Hii iling'aa tu, haina habari. Akaongeza vitambaa. Akanyunyiza maji. Akapulizia tena, mpaka kizunguzungu kikamjia.

"Unakibembeleza kilale?" Mzee Genroku, mume wa mwalimu na mchonga mbao wa nyumba, alikuwa amesimama mlangoni na chai yake.

"Nakikagua tu, mzee."

"Kabati linatiririka maji! Bado samaki tu."

Isuzu alicheka kicheko cha nusu, kisha kikakatika. Angeweza kunyamaza na kuomba muujiza. Lakini miujiza haina tabia ya kufika kabla ya Jumapili. Akaenda chumba cha pili, akapiga magoti mbele ya mwalimu wake.

"Mwalimu, kikombe hakishiki."

Mwalimu Tokie hakuinua macho kutoka kwenye brashi yake. "Utomvu uliupikaje?"

Hapo ndipo penye kidonda. Utomvu mbichi hukorogwa polepole kwenye joto dogo, la maji ya kuoga, mpaka maji yake yapungue. Ni kazi ya saa nyingi na mkono hufa ganzi. Siku ya kupika, Isuzu aliisogeza taa ya joto karibu, akaenda kula tambi mara moja. Aliporudi, pembeni palikuwa panatoa mapovu. Akakoroga haraka, asimwambie mtu. Na utomvu ukatoka mzuri ajabu, wa kahawia yenye kung'aa!

"Ulichemka," alisema. "Kidogo."

"Kidogo!" Genroku alidakia, maana alikuwa amemfuata ili asipitwe. "Kuku naye huchinjwa kidogo."

Mwalimu aliweka brashi chini. "Binti, ndani ya urushi mna vimeng'enya. Hao ndio mafundi. Wakipata hewa na unyevu, huvishika vile vipande vidogo vya utomvu, hiyo fenoli uliyosoma shuleni, wakaviunga kimoja kwa kingine mpaka viwe utando mmoja mgumu. Wewe umewachemsha mafundi. Sasa una matofali tupu, unayamwagia maji na kushangaa nyumba haisimami."

"Kwa hiyo nimefeli?"

"Nimesema umefeli? Mafundi wakifa, watu huajiri wengine. Urushi mbichi ipo mtungini, na mafundi wake wazima."

Isuzu alikuwa ameshasimama. Alikipangusa kikombe kwa mafuta mpaka mpako wa zamani ukatoka wote. Akachanganya utomvu wake mfu na mbichi nusu kwa nusu, akachuja kwa karatasi, akapaka. Safari hii alipaka mpako mwembamba na hakwenda kula chochote. Genroku alimletea tonge la wali, akamlisha kama kifaranga, maana mikono yake yote ilikuwa na urushi.

"Nikikuona na taa," alisema, "nakuchonga wewe."

Jumapili adhuhuri wageni walikaa kwenye mikeka. Baba yake Isuzu, mkata tiketi wa treni, alikuwa ametoka Toyama na suti yake ya pekee. Mwalimu Tokie alikitoa kikombe kabatini. Kilikuwa cheusi kuliko ilivyokusudiwa, na ukingoni palikuwa na kijikunjo kama cha paji la uso. Akakipulizia pumzi. Wageni wakanyoosha shingo.

Ukungu ukaja, wa samawati, ukafifia polepole.

"Mimina," alisema.

Wakanywa, mwalimu kisha mwanagenzi, na Isuzu akalia bila kujificha. Baba yake akanyoosha mkono.

"Wewe acha, bwana," Mwalimu alimwonya. "Urushi ikiwa mpya huvimbisha ngozi. Sisi ngozi zetu zimezoea."

"Cha binti yangu nisikinywee?" Akakinyakua, akakimaliza.

Jumanne simu ililia. Sauti ya baba yake ilitoka kama ya mtu mwenye viazi mdomoni.

"Midomo imevimba, Isuzu. Abiria wananiuliza kama nimepigana."

"Pole, baba! Unawajibu nini?"

"Nawajibu binti yangu amekuwa fundi," alisema. "Halafu nawaonyesha."