Siku Bronia Alipozuia Torati

Asubuhi ile ya Sabato Bronia Szafran alikaa kwenye roshani ya wanawake kama aliyekalia siafu. Alikuwa meya wa mji wao, hapo pembezoni mwa Melbourne. Wakatoliki walimpigia kura, Wagiriki walimpigia, hata walevi wa baa ya pembeni walimpigia. Lakini katika sinagogi hili, ambalo mama yake alilifagia tangu waliposhuka melini kutoka Poland, hakuwa na kura. Mwanachama ni mume. Mke ni kiti cha roshani.

Nchi iliwapa wanawake kura mwaka 1902, tena kwa ubaguzi, maana wenyeji weusi, wenye ardhi yao, walisubirishwa miaka sitini zaidi. Sasa ulikuwa mwaka 1983. Miaka saba Bronia aliomba jambo moja tu: hoja ya kura ya wanawake isomwe kwenye mkutano wa mwaka. Miaka saba mwenyekiti, Leon Topolski mwenye kiwanda cha makoti, aliipeleka "kwenye kamati." Kamati yenyewe ilikuwa Topolski na shemeji yake. Mkutano ulikuwa kesho, na juzi alimwambia, "Hoja haimo, Mheshimiwa. Ila kile kibali cha ukumbi wetu mpya, usitusahau huko manispaa."

Usitusahau! Lile neno lilimkera mpaka leo.

"Unatikisa benchi," mama yake, Bi Tauba, alimnong'oneza. "Una nini?"

"Sina kitu, Mama."

"Kule kwetu aliyedhulumiwa hakukaa akitikisa benchi. Alishuka akazuia Torati. Hata mjane, hata mfua nguo. Bibi yako alizuia, mwenye kinu alipomdhulumu. Haikusomwa hata herufi mpaka alipoahidiwa kusikilizwa."

"Hiyo ilikuwa Poland."

"Kwani Mungu hakupanda meli?"

Chini, Heniek, mume wa Bronia, alikuwa akinyoosha tai yake. Ilikuwa wiki ya kumbukumbu ya kifo cha baba yake, naye akapewa heshima ya kuvuta pazia la kabati la Torati. Asubuhi alimsihi Bronia: "Mke wangu, leo tu. Siku ya baba. Usinitie aibu."

"Nimesema nini?"

"Hujasema. Ndicho ninachoogopa."

Sala ya asubuhi ikaisha. Heniek akaanza kusogea kuelekea kwenye pazia. Bronia akainuka.

"Anakwenda wapi huyu?" akauliza mama mmoja nyuma.

"Chooni."

"Choo si upande ule!"

Alishuka ngazi, akapita katikati ya wanaume waliofunikwa shali za sala, akaipiga meza ya kusomea kwa kiganja. "Nazuia usomaji. Naomba haki yangu."

Kelele zikalipuka. "Mwanamke huku chini?" "Mtoeni!" Topolski akaja mbio, uso mwekundu kama bitiruti. "Mheshimiwa, hii ni nyumba ya Mungu, si ukumbi wa mji!"

"Kwenye ukumbi wa mji ningeshakushinda, Leon. Hoja isomwe kesho, iwe ya kwanza. Ahidi mbele ya watu."

"Rabi, mwambie!"

Rabi Wolbrom, mzee asiyependa ugomvi, alipapasa ndevu. "Nimwambie nini? Desturi ipo. Baba yangu aliiona ikifanyika." Akaketi.

Wakangoja. Nyuma, jikoni, sufuria la nyama na maharagwe lililokaa motoni tangu jana jioni lilianza kunukia kuungua. Matumbo yakanguruma. "Leon," mtu akalalamika, "ahidi tukale!"

Topolski hakuahidi. Alimgeukia Heniek. "Wewe! Vuta pazia, tuendelee. Nani mume humo nyumbani kwenu?"

Bronia hakuthubutu kumtazama mumewe. Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuwa amemwomba ruhusa wala msaada, na kwamba pazia likifunguliwa, yamekwisha.

Heniek aliishika kamba ya pazia. Akaitazama. Kisha akaiachia, akaenda akaketi pembeni ya Rabi, akakunja mikono.

"Baba yangu," alisema kwa sauti ndogo, "alichukia chakula kilichoungua. Ahidi, Leon."

Juu, Bi Tauba akagonga sakafu kwa mkongojo. Mwingine akagonga kwa kiatu. Roshani nzima ikagonga mpaka taa zikacheza.

"Sawa!" Topolski akafoka. "Kesho! Ya kwanza! Mungu anisaidie!"

Kesho yake wanaume walijifungia ndani, wanawake wakasimama nje ngazini, mvua ikiwanyeshea. Bronia alitembea huku na huku mpaka Heniek alipotoka, kofia mkononi.

"Imepita."

Vigelegele. Watu wakakumbatiana. Lakini Heniek hakuivaa kofia yake.

"Sema yote," Bronia akamwambia.

"Mtapiga kura. Ila kugombea, hapana. Viti vya uongozi ni vya wanaume."

"Chukua paja, mwanangu," Bi Tauba akasema. "Usimlilie kuku mzima leo."

"Mapaja tumepewa sana, Mama. Wanatukatia wao, kisu wanabaki nacho." Bronia akakaza kitambaa chake kichwani. "Heniek, Sabato ijayo nani amepewa pazia?"

"Topolski mwenyewe."

"Mwambie avae viatu vya kusimamia saa nyingi."