Dumu Kwenye Buti la Gari la Umeme

...haki ya Mungu kila neno ni kweli, akidanganya ulimi umkauke, hili gari la binti yake halijanguruma hata mara moja tangu asubuhi, limeupanda ule mlima mrefu kimya kama paka aliyeiba nyama, na yeye, Baba Tangi, dereva wa malori ya mafuta ambaye barabara hii inamjua kuliko inavyoijua mvua, amekaa kiti cha mbele mikono mapajani kama bibi harusi, waya mnene umechomekwa ubavuni mwa gari, asilimia za chaji kwenye kioo zinapanda, arobaini na moja, arobaini na mbili... binti yuko nje ameegemea chaja, anasema vituo vingine vya kuchajia vinakuja, mpaka mpakani, mtu atatoka na watoto wake safari ya mbali, asimame, anywe chai, gari nalo linywe lake, simu imwambie mapema chaja ipi iko wazi, anayasema kama anataja bei ya nyanya, fundi umeme huyu, mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe, dunia nzima mafundi wa hivi wako wawili, na huyo wa pili anabahatisha... lakini lile dumu, ee Mola, dumu la petroli alilolificha kwenye buti nyuma ya mabegi, maana aliwaapia madereva wenzake kwamba gari litazimika mlimani, petroli, kwa gari lisilo hata na tundu la kutilia mafuta, angeimwaga wapi, kwenye redio? na harufu imeanza kuja mbele, au ni pua yake tu... mbona chaja mmeiweka huku porini, ameuliza kwa ukali kidogo, hakuna duka, hakuna mtu, na binti hata hakugeuka, "Si hapa ulikwama, Baba, siku niliyozaliwa? Kazini waliniuliza chaja ya kwanza tuiweke wapi, nikawaonyesha hapa," kumbe ndipo hapa, tangi zima la mafuta ya watu mgongoni na lori lenyewe halina tone, akafika nyumbani mtoto keshazaliwa, na badala ya kusema aliogopa akaleta hadithi ya simba saba wakiramba matairi, "Simba wako tu ndio sijawaona," anacheka binti, na yeye miaka yote alidhani mtoto anasikiliza simba, kumbe alikuwa anamsikia mtu aliyekwama... arobaini na nane... "Nitoe chupa ya chai kwenye buti?" acha, mama, sina kiu, na koo limemkauka kama jivu... kesho atawaambia madereva gari lilipaa, liliwapita ndege, lilisimama kungoja upepo ulifikie, hayo wayatangaze watakavyo, ila dumu, jamani, hilo dumu mtu asilitaje, hasa mbele ya binti...