Niletee Suluhisho

Meneja wa kiwanda chetu cha mikate tulimpa jina la Semina. Alikwenda kwenye mafunzo ya uongozi, akarudi na misemo ya Kiingereza iliyovishwa Kiswahili, na kila asubuhi akatumiminia kabla hatujagusa unga.

"Sote tuko mashua moja!"

"Moja ndiyo," mwokaji jirani yangu akaninong'oneza, "ila makasia yetu, kivuli chake."

Alisema pia kwamba mlango wake uko wazi. Kaka yangu, fundi wa mashine ya kukandia, alimwamini. Kaka ni mtu wa hivyo: ukimwambia karibu, anavua viatu.

Mashine ile ina kifuniko cha chuma chenye swichi. Ukikifungua tu, inasimama. Swichi ikaharibika, mashine ikawa inazimika ovyo hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Kaka akaingia kwa Semina, nami nyuma yake.

"Bosi, tusimamishe kazi mpaka swichi mpya ije."

Semina akatabasamu. "Fundi, usiniletee matatizo. Niletee suluhisho."

"Suluhisho ndiyo hiyo swichi, bosi."

"Fikiri kama kiongozi. Leo mashine izunguke."

Tulipotoka nikamwambia, "Kaka, izime twende zetu nyumbani."

"Tukale nini huko, mdogo wangu? Mkono mtupu haulambwi."

Akakata kipande cha waya, akakiunganisha umeme upite bila kupitia swichi. Mashine ikazunguka, kifuniko kiwe wazi au kimefungwa. Semina akampigia makofi mbele yetu sote, picha yake ikabandikwa ukutani: Mfanyakazi wa Mwezi.

"Kiongozi," wakamtania wenzetu, "tukuamkie kwa magoti?"

Akacheka. Lakini kila alipofungua kifuniko nilimwona akiutupia jicho ule waya, kama mtu aliyelala chumba kimoja na nyoka.

Mazoea yana tabu. Asubuhi moja donge la unga lilinata pembeni. Kaka alifungua kifuniko akaingiza mkono, kama alivyofanya miaka yote. Safari hii mashine haikusimama.

Nilipochomoa plagi, unga ulikuwa mwekundu hadi chini.

Madaktari walimkata mkono juu ya kiwiko.

Semina alizoea kusema kwamba lawama zote zinaishia mezani kwake. Alipotuita, tulisubiri ziishie.

"Nani aliruhusu waya ule?" akauliza.

"Wewe," nikasema.

"Mimi niliomba suluhisho. Sikuomba waya."

Kaka akaachishwa kazi angali kitandani hospitalini, kwa kosa la kuchezea mashine. Picha yake ikabanduliwa. Ukutani zikabaki alama za gundi.

Mashine ilipokwisha kuoshwa, Semina akaja na koleo ya kaka ya kukatia waya mkononi. Ule waya nilikuwa nimeukata mwenyewe.

"Nafasi ya kaka yako iko wazi," akaniambia. "Wateja wanangoja mikate. Niletee suluhisho."

Nikaiweka koleo sakafuni. "Suluhisho ni swichi."

Alipitisha macho juu ya bega langu, akawatazama wenzangu mmoja mmoja, taratibu, kama anayechagua nyanya.

Mwokaji jirani yangu, yule wa makasia, baba wa watoto wanne, akainama akaiokota koleo.

"Niwie radhi, ndugu yangu," akasema, bila kunitazama, akaanza kutafuta waya.