Jiwe la Kifuniko

Tangi lilikuwa na maji, mchanga na ganda la kaa wa jana. Pweza hakuwamo.

Mzee Ndoo akachungulia kona ambako yule mnyama hupenda kujikunyata. Akazunguka upande wa pili, utadhani asiyeonekana kwa mbele ataonekana kwa nyuma. Kifuniko kilikuwa kimesogea, kimeacha mwanya ambao hata paka angeudharau.

Jiwe!

Jiwe lilikuwa uani, chini ya bomba, alikoliweka mwenyewe jana jioni. Miaka yote lilikalia kifuniko kile, jiwe la ufukweni lisilo na cheo chochote, mpaka mkurugenzi wa makumbusho alipopita na kusema, "Mzee, kesho tuna wageni wakubwa. Hilo jiwe linatuaibisha." Naye Mzee Ndoo, mtu wa "sawa bosi" tangu aajiriwe, akaliondoa. Akakibonyeza kifuniko kwa kiganja, kikalia *ta*, akaamini kimeshika.

Jina la Ndoo alilipata kwa ndoo zake mbili, ambazo kila asubuhi alishuka nazo baharini kumtekea pweza maji mapya. Nyumbani mkewe alishakubali yaishe. "Haya, kamsalimie mke mwenzangu," humwambia. "Mimi miguu yangu miwili, yeye minane, nitashindana naye wapi?" Lakini pweza akisusa kula, swali la kwanza jioni ni la mke huyohuyo: "Leo kagusa chochote?"

"Shemeji!" Muuza tiketi alichungulia mlangoni. "Wageni wameshaingia, wako chumba cha sarafu. Mbona jasho linakutoka kama bwana harusi?"

"Pweza hayupo."

"Hayupo kaenda wapi? Kaomba ruhusa?" Kisha akauona vizuri uso wa mzee, na utani ukamkaukia mdomoni. "Anaweza kukaa nje ya maji?"

"Kidogo tu. Na sijui katoka saa ngapi."

Mzee Ndoo akanyakua ndoo aliyokuwa amerudi nayo kutoka baharini, akapiga magoti. Kwenye kizingiti palikuwa na mstari wa ute, umeanza kukauka. Akaufuata kwa kutambaa, ndoo ikimwagikia suruali, akapita chini ya mzinga wa zamani, akapita kando ya nanga yenye kutu. Upande wa pili wa ukuta sauti ya mkurugenzi ilikuwa ikisogea chumba kwa chumba, tamu kama ya mshenga.

Ute uliishia kwenye kamba nyekundu.

Nyuma ya kamba ulisimama mtungi, mtungi wenyewe, ule uliochapwa kwenye kila tiketi. Ulitolewa chini ya bahari vipande vipande, na fundi aliyeuunga aliacha amri moja: usiingie maji, gundi itaachia. Hata vumbi lake mkurugenzi alilipangusa mwenyewe, kwa brashi laini, akiwa amebana pumzi.

Mzee Ndoo akamulika ndani kwa simu. Jicho moja likamtazama. Ngozi iliyozoea kubadilika rangi kwa kila hasira na kila furaha ilikuwa kijivu tupu. Mnyiri mmoja kati ya minane ukainuka kidogo, ukaanguka.

"Toka, mama. Twende nyumbani." Akaingiza mkono, ukakwama shingoni mwa mtungi. Pweza akazidi kujibana.

"Mvute!" muuza tiketi alinong'ona.

"Nikimvuta atachanika yeye, au utapasuka mtungi."

"Basi tumwite bosi."

"Bosi atasema tusubiri."

Haikuhitajika kumwita. Mkurugenzi aliingia kinyumenyume, mikono kaitanua, wageni wakimfuata. "Na hapa, waheshimiwa, ndipo ilipo fahari yetu..." Akageuka. Tabasamu likabaki usoni, limesahauliwa.

"Mzee," alisema taratibu. "Weka hiyo ndoo chini."

"Sawa bosi" ikampanda Mzee Ndoo kooni, kwa mazoea. Ikafika nyuma ya meno, ikakaa.

Akamimina.

Chumba kizima kilisikiliza mtungi ukinywa. Ndoo ilipokwisha, akamulika tena: kwenye kijivu kile doa la hudhurungi lilikuwa limetokea, likafifia, likarudi.

"Kapumua?" muuza tiketi aliuliza.

Kabla hajajibiwa, mstari mmoja wa gundi tumboni mwa mtungi ulilowa, ukawa mweusi. Tone likatoka. Mzee Ndoo akaliziba kwa kidole gumba. Likatoka jingine chini yake, akaliziba kwa kidole gumba cha pili.

"Shemeji, ndoo ya pili," alisema bila kugeuka. "Nimeiacha ngazi ya chini. Na nibebee jiwe langu la kifuniko kule uani."

Muuza tiketi akavua viatu, akatimua mbio.

Tone la tatu likachungulia upande wa nyuma, ambako mikono ya mzee haikufika. Akamtazama mkurugenzi. "Bosi. Hapo."

Mkurugenzi akawatazama wageni. Akautazama mtungi. Kisha akaivuta juu suruali yake iliyopigwa pasi, akapiga magoti, akabandika kiganja.

Wakabaki hivyo, wameukumbatia mtungi kutoka pande mbili. Mdomoni mwa mtungi mnyiri ukachomoza, ukapapasa ukingo, ukashuka. Ukamkuta mkurugenzi kwanza, ukamshika kifundo cha mkono.

"Anafanya nini?" mkurugenzi alinong'ona. "Nifanyeje?"

"Tulia tu," alisema Mzee Ndoo, akitega sikio kwenye ngazi.